Kamba ya Godoro

Ukiwa unazama sasa hivi, ungechagua kipi: nanga nzuri, kamba ndefu, au mkono unaojua kuishika? Jibu upesi. Usijifanye unatafakari, maji yameshafika vifundoni.

Basi, kulikuwa na watu watatu waliofanya kazi kwenye mtumbwi wa mjane mmoja, Bibi Nyabise. Mafuru alikuwa na kipaji cha kuchagua. Hata nyanya sokoni aliinua moja moja mpaka muuzaji akanuna. Bwire alikuwa na mikono inayosikia. Nyangeta yeye hakukosa kitu: ukitaka sindano, kiberiti, chumvi, kimo kikapuni mwake. Alivitoa wapi, hakuna aliyeuliza.

Bibi alikuwa amelichoka ziwa. "Mmoja wenu atauchukua huu mtumbwi," aliwaambia. "Mmoja. Ushirika sitaki, nimeona vyombo vya ushirika vinavyooza."

Nyangeta aliutaka kuliko wenzake. Shemeji yake kisiwani alikuwa amemtoa nyumbani, na mali yake yote ilikuwa godoro.

Siku ya kuhama kisiwani, wenzake walimfuata kwa mtumbwi; godoro lilikunjwa, likafungwa kamba ya buluu, likapakiwa. Katikati ya ziwa injini ikakohoa, ikanyamaza. Upepo ukaanza kuwasukuma kwenye miamba. Kila wimbi liliposhuka Nyangeta aliiona ikitokeza, myeusi.

Mafuru akatupa nanga. Si jiwe ndani ya gunia kama la wavuvi wengine. Hii ilikuwa ya chuma, kucha nne, na alibishana na mwalo mzima, bandari yote ya wavuvi, mpaka ikanunuliwa. "Chini ni tope," alisema. "Jiwe lingeteleza. Hii inang'ata." Mtumbwi ukageuka, omo, ile ncha ya mbele, ikautazama upepo. Wakapumua.

Bwire akaweka viganja juu ya kamba, akafumba macho.

"Nanga inaburutwa."

"Acha uchuro wewe," alisema Mafuru.

"Inaburutwa, kaka. Kamba fupi, inaivuta nanga juu badala ya kuilaza. Na juzi haikuwa fupi hivi."

Sasa waliyasikia maji yakinyonywa kwenye mianya ya mawe. Nyangeta akaanza kufungua godoro. Fundo likamshinda, akalifungua kwa meno. Upepo ukalinyakua godoro. Likaelea kidogo, likanywa maji, likaenda zake.

"Shika," akamwambia Bwire.

Bwire akazileta ncha mbili pamoja, ya kamba ya nanga na ya kamba ya godoro. Zote za buluu, zote zimekatwa karibuni, bado safi. Akazitazama. Akamtazama Nyangeta. Hapo ndipo Nyangeta alipoisahau miamba, maana alipata kitu kingine cha kuogopa.

Bwire akafunga fundo, akaiachia kamba yote. Nanga ikalala, ikazama topeni, ikashika. Walikaa wakichota maji mpaka upepo ulipotulia, kisha wakapiga makasia hadi mwaloni.

Bibi Nyabise aliwasikiliza, kasia la marehemu mumewe mkononi; atakayelipokea, mtumbwi ni wake.

"Bila nanga yangu," alisema Mafuru, "hiyo kamba wangeifunga wapi? Shingoni?"

"Na bila mikono yangu ungekufa ukiisifu nanga yako," alisema Bwire.

"Mwenzenu kapoteza godoro," alisema Bibi, "na hata hajisifu. Hamwoni haya?" Akamnyooshea Nyangeta kasia.

Bwire aliinamisha macho. Hangesema, Nyangeta alilijua hilo. Ilikuwa rahisi kabisa, kunyoosha mkono tu. Akajikuta anaogopa kuliko alivyoogopa kule majini.

"Bibi," alisema, "ile kamba ni ya nanga. Niliikata mimi asubuhi, nikafungia godoro langu."

Kasia likabaki hewani. Na mkono wa Bibi umeanza kuchoka, jamani. Je, wewe ungempa nani?