Jina Chini ya Bawa la Ndege ya Saba

Hapo zamani, si ile zamani ya wanyama kusema bali hii ya karibu, ambayo wengi waliokuwapo bado wanakunywa chai, aliishi Tabora fundi mmoja jina lake Bonifasi Kiyungi Ndaki. Yatajwe majina yote matatu, maana mwenyewe alitaka hivyo. Ukimwita Boni hakuitika. Alisema padre aliyemfundisha kusoma alimwandika hivyo daftarini, naye hakuona sababu ya kuifuta kazi ya padre.

Miaka thelathini na moja fundi huyo alihudumia ndege uwanjani. Alizifungua injini, alizipaka grisi, alizifuta matope. Kuruka, hakuruka hata siku moja. Alipostaafu akaanza kuchonga ndege ndogo kwa mti wa msufi, kwa kuwa ni mwepesi. Kila moja haikupungua urefu wa mkono, pangaboi lake lilizunguka kwa kidole, na ubavuni iliandikwa herufi zile zile za ndege ya kweli aliyoihudumia. Herufi moja ikikosewa, alizikwangua zote akaanza upya.

Akachonga saba. Sita, mojawapo Dakota ndogo, ile ndege ya zamani ya injini mbili, akazipeleka shule ya sekondari iliyo jirani na uwanja, zikatundikwa kwa waya kwenye dari ya maktaba, ili vijana wakiinua macho kutoka vitabuni waone kwamba juu kuna kitu. Ya saba, Dakota kubwa kuliko zote, akabaki nayo. Siku ya kukabidhi alisimama mbele ya wanafunzi akasema maneno machache, kama kawaida yake.

"Ndege ya saba, pamoja na sanduku langu la zana, nitampa mmoja wenu. Nitampa yule atakayezipokea hizi sita kama inavyopasa. Jina lake nitaliandika chini ya bawa kwa mkono wangu."

Wakapiga makofi. Hakuna aliyeuliza kupokea inavyopasa ni kupokea namna gani. Hata yeye hakujiuliza.

Mwaka ukapita. Mikono ya fundi ikaanza kutetemeka, na kuchonga akaacha. Kulibaki kipindi kimoja tu kwa siku ambapo mkono wake wa kulia ulitulia: asubuhi, tangu mkewe abandike birika mpaka maji yachemke. Baada ya hapo hata kikombe kilimshinda.

"Baba Getruda, itoe hiyo ndege," mkewe akamwambia. "Ukingoja zaidi utaandika jina la mtoto wa watu kama kuku amepita."

Fundi akatuma ujumbe shuleni: anayejiona anastahili aje asubuhi, aseme mwenyewe.

Siku ya kwanza akaja Nyamizi, binti wa kidato cha tatu, mwenye kutazama kila kitu kana kwamba anatafuta skrubu zake.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Majina yako?"

"Nyamizi."

"Yote."

"Nyamizi Kulwa Shigela. Babu, ile Dakota ndogo ya maktaba ilivunjika. Niliyeivunja ni mimi."

Fundi akaweka chini brashi aliyoiandaa kuandikia jina.

"Niliishusha bila ruhusa," Nyamizi akasema. "Nilitaka kujua kama inaruka. Nikairusha kutoka kwenye ngazi ya tangi la maji, ikaanguka kwa mkia. Nikairusha tena, ikaanguka kwa mkia. Nikaupasua mkia, nikakuta ndani umetia kipande cha risasi, uzito ule wa kuzamishia ndoana. Ya nini, babu?"

Fundi alijua ya nini. Dakota ya kweli ikiwa chini hukaa pua juu, mkia umegusa ardhi. Ile ya msufi ilikataa kukaa hivyo mezani, ikawa inainamia pua, naye akaitia uzito mkiani ili ikae alivyoizoea. Miaka thelathini na moja alikuwa amezitazama ndege zilizosimama. Haikumjia kwamba ya msufi nayo ingetaka kwenda.

"Endelea," akasema.

"Nikaitoa ile risasi. Nikabandika udongo wa mfinyanzi puani, nikaongeza, nikapunguza. Mara ya kumi na nne ikaenda, babu. Ilipita juu ya paa la jiko la shule, wapishi wakatoka nje na miiko yao. Halafu ikagonga ukuta wa choo, bawa likawa vipande vitatu. Nilifyekeshwa majani wiki mbili, na nilifyeka huku nacheka. Wewe ulituletea ndege. Wenzangu walipokea mapambo, mimi ndiye niliyepokea ndege. Naomba jina langu liandikwe."

Fundi akachovya brashi, akaisogeza kwenye bawa. Akaona kweli, ni huyu. Kisha akaliona akilini lile bawa la vipande vitatu, kazi ya miezi minne. Mkono ukasita. Maji yakachemka. Rangi ikakaukia kwenye brashi.

Siku ya pili akaja kijana mzito wa maneno, amebeba kitu kilichofungwa kwa kanga ya mama yake.

"Shikamoo, babu. Tito Mpuya Lugodisha," akasema kabla hajaulizwa, na hilo lilimpendeza fundi.

Akaifungua kanga. Ndani mlikuwa na ile Dakota ndogo, nzima. Fundi akatafuta ufa kwa macho, hakuuona. Akautafuta kwa ukucha, ndipo akaupata.

"Umeunga kwa nini?"

"Kwa gundi na unga wa msufi. Ndani nimetia vijiti. Patasi sikuwa nayo, nilinoa spoku ya baiskeli."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna."

"Nani alikufundisha?"

"Zile tano zilizobaki. Nilipokwama nilipanda juu ya meza nikatazama wewe ulifanyaje. Miezi miwili, kila mapumziko."

Fundi akaigeuza ile ndege, akaipima kiganjani. Mkia ulikuwa mzito.

"Na risasi umeirudisha."

"Nilimwomba Nyamizi akanipa."

"Hukuambiwa kwamba bila hiyo inaruka?"

"Niliambiwa, babu. Lakini kazi ya mtu ukiitengeneza unairudisha alivyoiacha. Kama ina kosa, kosa ni la mwenyewe, si langu kulirekebisha bila yeye kujua. Nyamizi anasema alijifunza. Sawa. Lakini leo mle maktabani zingekuwa tano. Kesho akitaka kujifunza tena zitakuwa nne. Sanduku la zana haliendi kwa mtu anayevunja. Naomba jina langu liandikwe."

Hayo ndiyo fundi alikuwa akiwaambia vijana wake uwanjani, karibu neno kwa neno. Akachovya brashi, akaisogeza kwenye bawa. Akaona kweli, ni huyu. Kisha akakumbuka kwamba kijana huyu alikuwa amelichukua kosa lake, yeye Bonifasi Kiyungi Ndaki, akalirudisha mahali pake kwa uangalifu mkubwa, akalifunika na kulipiga msasa. Mkono ukasita. Maji yakachemka. Rangi ikakaukia kwenye brashi.

"Leo je?" mkewe akauliza.

"Leo niliona ni yeye."

"Na jana?"

"Jana pia niliona ni yeye."

"Una homa wewe," Mama Getruda akasema, akammiminia chai nusu kikombe ili isimwagike.

Siku ya tatu akaja mvulana anayecheka peke yake tangu njiani. Nyuma yake, nje ya uzio, walisimama watoto kama arobaini, wa kidato cha kwanza na wa shule ya msingi.

"Shikamoo, babu. Mrisho Kasabuku Idi. Mimi sikuvunja, na kuunga siwezi. Hesabu nikipata kumi mwalimu anaangalia nimekaa karibu na nani. Mimi nilisimulia tu."

"Ulisimulia nini?"

"Ndege zako. Kila Ijumaa nasimama chini yake nawasimulia wadogo. Ile ya dirishani, Malaika, ilitua Urambo imebeba mizinga ya nyuki, rubani akashuka amevimba mpaka kofia ikagoma kutoka."

"Ndege hiyo haikutua Urambo hata mara moja," fundi akasema. "Na haiitwi Malaika. Ina herufi zake, nimeziandika ubavuni."

"Najua, babu. Lakini watoto hawaji kusikiliza herufi. Kabla yangu maktaba ile ilikuwa na popo na mkutubi. Sasa wanagombania zamu ya kuifagia. Nyamizi aliinua macho kwa sababu yangu. Tito pia, muulize. Ulisema ndege ni za vijana. Vijana ndio wale. Naomba jina langu liandikwe."

Fundi akatoka mpaka kwenye uzio. Akamwinamia msichana mdogo kuliko wote.

"Ile ndege ya dirishani yaitwaje?"

"Malaika."

"Nawe ukikua utairusha?"

Yule mtoto akatikisa kichwa. "Nitaifuta nyuki. Nitakuwa fundi wake."

Katika maisha yake yote fundi alikuwa amewasikia watoto wakitaka kuwa marubani. Huyu alikuwa wa kwanza kutaka kazi yake. Akarudi ndani, akachovya brashi, akaisogeza kwenye bawa. Akaona kweli, ni huyu. Kisha akasikia nje watoto arobaini wakiimba "Malaika, Malaika," jina la uongo, na nyuki wa uongo. Mkono ukasita. Maji yakachemka. Rangi ikakaukia kwenye brashi.

"Waandike wote watatu," Mama Getruda akasema.

"Bawa lina nafasi ya jina moja kamili. Na sanduku nikiligawa, huyu atakuwa na randa, yule patasi, yule tupa, na hakuna atakayechonga ndege."

"Basi mwandike mmoja."

"Nikimwandika Nyamizi, sharti niipasue na hii niitoe risasi iliyomo mkiani. Nikimwandika Tito, risasi ibaki. Nikimwandika Mrisho, kesho herufi zangu zitafutwa iandikwe Malaika." Akaigeuza Dakota kubwa, akaigeuza tena. "Mama Getruda, mimi niliwapelekea nini watoto wale?"

Mkewe akaenda kuongeza kuni.

Asubuhi iliyofuata fundi akawaita wote watatu pamoja. Wamesimama uani, Nyamizi, Tito na Mrisho, na leo hata Mrisho hacheki. Kopo la rangi nyeupe limefunguliwa, na rangi iliyobaki inatosha jina moja. Sanduku la zana liko miguuni pa fundi. Dakota kubwa imelala chali mezani, chini ya bawa pako wazi. Birika limebandikwa. Mkono umetulia.

Ninyi mnaosikiliza, mmewasikia wenyewe wakisema. Mmoja aliirusha akaivunja. Mmoja aliiunga akaizuia isiruke. Mmoja hakuigusa, akawaita wengine kwa uongo. Je, nani alistahili kuandikwa? Jibuni, na mtaje majina yake yote matatu, lakini msikawie, maana birika limeanza kuimba.