Kiboko Aliyetaka Kuhesabiwa Mara Kumi

Paukwa!

Pakawa.

Akidi imetimia?

Imetimia.

Waliosinzia waamshwe, maana mbele kuna kura.

Basi, ulikuja ukame, mto ukabaki mchanga mtupu. Wanyama wa bondeni wakaunda ushirika wa kuchimba kisima. Masharti yao yalikuwa mepesi: anayetaka anaingia, kila mwanachama anachimba zamu yake, na kwenye kikao kila mmoja ana kura moja. Katibu alikuwa Pimbi, yule mdogo wa majabalini asiye na mkia. Akachimba Kanga, kwaru kwaru. Akachimba Nungunungu, kwaru kwaru. Akachimba Ngiri, kwaru kwaru. Mchanga ukaanza kutoa unyevu.

Unyevu una harufu, na harufu ikamfikia Kiboko. Akaja, tii, tii, tii, akaomba kujiunga. Wakamkaribisha, maana anayetaka anaingia. Hata hajakaa vizuri, akatoa hoja: kisima kitanuliwe, maji yakitoka yeye alale ndani. Kanga akauliza wengine watakunywa nini. Kiboko akasema watakunywa akishatoka, ila yeye hana kawaida ya kutoka.

Pimbi akaitisha kura. Hoja ikapata mguu mmoja juu, wa Kiboko mwenyewe.

"Hamjui kuhesabu," akasema Kiboko. "Nitazameni. Mimi na huyu Kanga tunalingana? Nihesabiwe kumi, au nikikalie hicho kishimo chenu sasa hivi."

Kikao kikapiga hesabu. Akikikalia, kisima kimekwisha, na vifaranga wa Kanga walikuwa hawajanywa tangu juzi. Akihesabiwa kumi, hoja imepita, maana wengine wote hawakufika kumi.

Pimbi akainuka. "Mzee Kiboko amesema kweli. Ahesabiwe kumi."

Ngiri akamnong'oneza, akimuuliza kama amepigwa na jua. Pimbi akapiga makofi, wengine wakafuata shingo upande.

"Kura tutairudia zamu za leo zikiisha," akasema Pimbi. "Kiboko wa kwanza yupo?"

"Yupo."

"Achimbe." Kwaru kwaru kwaru.

"Kiboko wa pili yupo?"

"Yupo."

"Achimbe." Kwaru. Kwaru.

"Kiboko wa tatu yupo?"

"Yupo," kwa sauti ndogo.

"Achimbe." Kwa... ru.

Jua lilikuwa utosini, na ngozi ya Kiboko haipatani na jua. Alipoitwa wa nne, akasema huyo amesafiri. Wa tano anaumwa. Wa sita amefiwa. Wakampa pole. Wa saba yuko njiani.

"Hatuna haraka," akasema Pimbi. "Au wewe uwachimbie, si ndugu zako?"

Kiboko akajibwaga mchangani. "Dada Pimbi, mimi ni mmoja. Kamuulize mama yangu, alizaa mmoja."

"Una hakika, mzee? Wenzako wasije wakatulaumu."

"Mmoja."

Pale pale alipokuwa akichimba, chwi, chwi, chwaa, maji yakatoka. Kura ikarudiwa. Mguu mmoja ukapanda, ukatazama huku na huku, ukashuka. Vifaranga wa Kanga wakanywa wa kwanza.

Ndipo Pimbi akatoa hoja yake: maji yatakayomwagika wakati wa kuchota yaelekezwe kwenye shimo la pembeni, yawe ya aliyechimba kuliko wote. Kura ni kwa kichwa, akasema, ziada ni kwa kazi. Miguu yote ikapanda, wa Kiboko ukiwa wa mwanzo. Mpaka leo amelala kwenye tope lake, hakosi kikao, na yeye humwambia kila anayechota asiogope kumwaga kidogo.

Funzo: mkubwa habishiwi. Akisema yeye ni kumi, mpigieni makofi, kisha mleteeni majembe kumi.

Hadithi naiweka mezani. Wanaoafiki waseme ndiyo.

Ndiyo.

Wasioafiki wakachimbe chao.