Maji Yaliyokaa Kinywani mwa Sheikh Thabit

Inasimuliwa, na waliotusimulia walikuwa watu wa kuogopa kuongeza neno lisilokuwapo, kwamba katika mji mmoja wa Sham, zama za waja wema, alikuwako mzee akiitwa Sheikh Thabit bin Wahb, Mungu amrehemu. Kazi yake ilikuwa kukamua zeituni. Alikuwa na kinu cha mawe kinachozungushwa na nyumbu, kinu cha ubia, yeye na shemeji yake Dahman. Tajiri hakuwa. Lakini heshima yake, subhanallah! Akipita sokoni wauza nyama huweka visu chini wakamkimbilia kumbusu mkono, na mkono wenyewe unanuka mafuta.

Kila Ramadhani, kumi la mwisho, Sheikh Thabit alikuwa akiingia itikafu. Kwa asiyejua, itikafu ni mtu kukaa msikitini kwa ajili ya Mola wake, dunia akaiacha mlangoni pamoja na viatu. Kuuza na kununua humo ni jambo la kuchukiza. Mji mzima ulimtolea mfano yeye: "Thabit akiwa itikafu, hata ukimwambia kinu kinaungua hageuzi shingo." Basi shetani humvizia mtu hapo hapo anaposifiwa. Hana haja ya kwenda mbali.

Katika mji huo alikuwako pia mjane mmoja, Bi Raita, mpika sabuni. Mumewe alimwachia sufuria kubwa ya shaba na nyumba ya kupikia, basi. Mwaka huo wenye mabafu ya mji walimpa kazi ya sabuni ya mwaka mzima. Na kwa kuwa mjane haaminiwi kwa maneno, walimtaka aweke rehani, naye akaweka nyumba: sabuni isipofika kwa wakati, nyumba na sufuria ni vyao, na yeye akalale anapojua.

Sabuni haipikwi kwa maji matupu. Akasikia kuna mnunuzi mgeni anazunguka mji kutafuta mafuta, wala hakungoja Idi. Alasiri akaenda dirishani mwa msikiti, upande wa kisima, alikozoea kukaa Sheikh Thabit akisoma Kurani.

"Sheikh, mafuta ya msimu huu niuzie mimi, kwa bei ya mwaka jana."

"Bibi, niko itikafu."

"Najua uko itikafu, macho ninayo. Sema ndiyo au hapana, niondoke."

Sheikh akatazama nyuma, akaona watu wanaanza kuingia kwa sala. "Ndiyo, nimekuuzia. Nenda na amani ya Mungu, niache nisome."

Akaenda. Akanunua magadi, akaajiri watu wa kukoroga. Maneno yale hayakusikiwa na yeyote ila Yule asiyefichikiwa na kitu.

Idi ikapita. Kisha ikanyesha mvua ya mawe katika mabonde ya jirani, ikapukutisha zeituni zote, na bonde lao peke yake likanusurika. Mafuta yakawa kama dawa. Akaja mfanyabiashara wa Halab, akamwambia Dahman bei ambayo Dahman alimtaka airudie mara tatu. Dahman akamwendea Sheikh kwa furaha: "Shemeji, mwaka huu tumefunguliwa!" Sheikh Thabit akaendelea kumfunga nyumbu kinuni. Angesema nini? Angesema mafuta ameshayauza, ingembidi aseme na mahali alipoyauzia.

Bi Raita alipofika kinuni na mitungi yake, Dahman akamzuia mlangoni.

"Nani kakuuzia?"

"Sheikh mwenyewe, dirishani mwa msikiti, akiwa itikafu."

Dahman akacheka mpaka akashika ukuta. Bi Raita hakucheka. Akageuza punda wake, akaenda moja kwa moja kushitaki kwa Kadhi.

Baraza la Kadhi lilikuwa uani mwa msikiti, na siku hiyo uwanja ulijaa. Bi Raita akaeleza madai yake. Kadhi akauliza, "Una shahidi?"

"Shahidi wangu ni Mungu. Na kisima, kama kisima husema."

Watu wakapiga kelele. "Anamzushia mja wa Mungu!" Muuza nyama mmoja akasema, "Sabuni yote ile, na ulimi wake haujatakata!"

"Wako nikiutia sufuriani," akamjibu Bi Raita, "nitamwaga sabuni yote."

Kadhi akawanyamazisha. Akasema sheria ni ile ile kwa mkubwa na mdogo: mwenye kudai alete ushahidi, akikosa, mwenye kukanusha aape, na akiapa ameshinda. Akamgeukia Sheikh Thabit kwa upole, kama mtu anayeona haya kumsumbua mzee. "Sheikh wetu, ni neno moja tu, kisha urudi kazini kwako."

Dahman naye hakuwa mjinga. Alikuwa ameutazama uso wa shemeji yake tangu asubuhi. Akamwinamia sikioni: "Hata kama ulisema kitu pale dirishani, wako wanazuoni wasemao biashara ya msikitini si biashara. Kwa hiyo hukuuza. Apa hukuuza, na hutakuwa umesema uongo."

Hebu itazameni njia ile ilivyofagiliwa vizuri! Upande mmoja mafuta, jina jema, kinu, na kauli ya wanazuoni ya kujifunikia. Upande wa pili mwanamke mmoja asiyependwa na mtu.

Ada ya baraza lile ilikuwa mwenye kuapa hutawadha kwanza mbele ya watu, kisha akaelekea kibla akaapa. Likaletwa birika. Sheikh Thabit akanawa viganja. Akateka maji akayatia kinywani asukutue.

Na maji yakakaa.

Hakuyatema, wala hakuyameza. Alisimama na mashavu yamemjaa kama mtoto anayekataa dawa, na macho yake yametua kwenye dirisha lile la upande wa kisima. Watu wakadhani anaomba dua. Kisha wakaona ndevu zinatetemeka. Walio nyuma wakasimama kwa vidole wapate kuona, na muuza nyama kinywa wazi. Waliokuwapo walisema waliingiwa na hofu wasiyoijua inatoka wapi, kama watu waliosimama mlangoni mwa mfalme na mlango umeanza kufunguka.

Sheikh akatema maji.

"Kinywa hiki," akasema, "nakiosha kila siku, na leo ndiyo nimejua kilivyo kichafu. Mwanamke huyu kasema kweli. Nilimuuzia. Nilikuwa itikafu na Kurani iko mapajani. Na sikumuuzia kwa huruma. Nilitaka aondoke upesi, watu wanaoingia wanikute nasoma."

Wapo wanaosimulia kwamba Kadhi alilia. Mimi nilivyopokea ni kwamba Kadhi alisimama. Naye hakuwa na desturi ya kumsimamia mtu, hata liwali.

Dahman akasema, "Umetumaliza, shemeji."

"Wewe sikumalizi. Kwa hasara yako, chukua fungu langu la kinu."

Ikawa hivyo. Bi Raita akapata mafuta yake kwa bei ya dirishani, na nyumba yake ikapona. Sheikh Thabit akabaki kwenye kinu kile kile, akiwa mwajiriwa wa shemeji yake, akimzungusha nyumbu. Akipita sokoni visu havikuwekwa chini tena, na mkono wake haukubusiwa na mtu.

Msimu uliofuata Bi Raita akaja kununua mafuta. Dahman akamwita karani.

"Vizuri," akasema Bi Raita. "Na wewe tuandikiane mpaka kokwa za zeituni."

"Na mashahidi wako wawili?"

Akamwonyesha kwa kidole yule mzee nyuma ya nyumbu. "Yule. Mmoja huyo atanitosha."

Na imepokewa kwamba karatasi ile ilipopelekwa kwa Kadhi kutiwa muhuri, aliliona jina moja tu mahali pa mashahidi, akalisoma, na hakuuliza wa pili.

Basi nyinyi wenye maduka na magenge, mnaomwapia Mungu kwa fungu la bamia za juzi, andikianeni mikataba yenu, na mashahidi muwalete, kwa sababu akina Thabit hawazaliwi kila mtaa. Na ikitokea umefikishwa mbele ya kadhi ukaambiwa uape, omba maji kwanza usukutue. Ukiona hayatoki, usiape.