Sikio la Kuazima

Hata sikio huazimwa. Nimewasikia mkilicheka neno hilo, mkisema sikio si jembe wala sufuria hata mtu aende kuliomba kwa jirani. Basi kaeni niwaambie lilikotoka, maana lilianzia kwenye injini ya gari.

Kule Umatengo, katika mji mdogo wa njia panda, alikuwapo fundi wa magari ya dizeli aliyeitwa Osmundi Ndunguru. Sifa yake ilikuwa masikio. Gari likiwa bado linapanda kilima, naye ameinamia kazi nyingine, angesema silinda ya pili haichomi vizuri, na likifunguliwa inakuwa hivyo hivyo.

Kisha masikio yale yakaanza kumwacha. Kwanza ilipotea kengele ya kanisa. Halafu mvua: akawa anaiona ikimwagika kutoka kwenye bati la karakana, lakini haisikii. Mkewe alifariki mwaka huo huo, na watoto wake wawili walikuwa wanaishi mbali, kwa hiyo nyumbani hapakuwa na mtu wa kugundua kwamba akiitwa haitiki. Naye hakumwambia mtu. Fundi anayejulikana kwa masikio akisema hasikii, atabaki nani?

Watu wakamsalimia kwa nyuma, akapita. Wakasema msiba umemfanya mkali. Baadaye wakasema ana majivuno. Jumapili moja baada ya misa aliketi na wenzake kilabuni, na mmoja akawa anasimulia huku mikono yake ikirukaruka. Osmundi akadhani ni kichekesho, akacheka. Kumbe yule bwana alikuwa anaeleza jinsi mtoto wa dada yake alivyosombwa na mto. Osmundi aliona tu nyuso zote zimemgeukia. Akainuka, akaenda zake, na pale hakurudi tena. Akaacha na kwaya, aliyoiimbia besi tangu ujana wake. Kuna siku jua lilichomoza likatua hajatamka neno ila "lete spana", na hilo alijiambia mwenyewe.

Kazini alijitafutia njia. Alishika mabomba ya dizeli kwa vidole, akahesabu mapigo yake kama mganga anavyoshika mshipa wa mgonjwa. Aliuma mpini wa bisibisi, akaigusisha ncha yake kwenye injini, na mtetemo ukampanda kwenye taya. Hivyo akaisukuma miaka minne.

Ndipo likaletwa gari la wagonjwa la kituo cha afya. Lilikuwa linatoa moshi mweusi na kuwaka kwa shida. Osmundi akaona nozeli zimekwisha, zile zinazorusha dizeli ndani ya silinda kama ukungu. Zikaagizwa nne mpya kutoka Songea, zikafika kwa basi. Asubuhi ile ile akazing'oa za zamani, akasafisha mahali pake, akafunga mpya, akatoa hewa kwenye mabomba na kuliwasha gari.

Dereva wa gari hilo, Betrami Hyera, alikuwa amesimama kando hatulii. Kituoni alikuwapo mama mwenye mimba ya mapacha, uchungu umemshika tangu alfajiri, na muuguzi alikwisha sema lazima apelekwe hospitali, ng'ambo ya milima. Betrami alikuwa mgeni kwenye gari lile. Mlio mzuri na mlio mbaya kwake ilikuwa kitu kimoja. Akauliza kama liko tayari. Osmundi aliisoma midomo yake.

Vidole vilimwambia ni sawa. Meno yalimwambia kuna kitu. Hakujua aamini kipi. Nozeli ikidondosha dizeli badala ya kuirusha, pistoni huungua, na hii ingeungulia mlimani, yule mama akiwa ndani. Zamani sikio lingeamua shauri lile mara moja.

Karibu na karakana palikuwa na mashine ya kusaga. Mwenyewe alikuwa Kolumba Kapinga, Mama Noela, aliyekaa pembeni ya injini ya dizeli miaka ishirini. Naye alikuwa ameacha kumsalimia Osmundi. Fundi akafuta mikono, akaenda kusimama mlangoni pake.

"Mama Noela, njoo unisikilizie injini."

"Leo umenikumbuka?" Mama Noela akageuka kumimina mahindi, akaendelea kusema akiwa amempa mgongo.

"Nigeukie ukiongea," Osmundi akamwambia. "Masikio yangu yamekufa. Huu mwaka wa nne."

Mama Noela akazima mashine. Akamgeukia.

"Na siku ile nilipokuja kukupa pole ya mkeo, nikabisha hodi mpaka nikachoka?"

"Nilikuwa ndani. Nilidhani hukuja."

Mama Noela akajikung'uta unga mikononi, akatangulia kwenda karakana. Akaiinamia injini, akafumba macho, kisha akamgeukia Osmundi na kuinua vidole vitatu. "Ya tatu inagonga," akasema taratibu, midomo ionekane. "Kama mchi unaopiga ukingo wa kinu."

Osmundi akaing'oa nozeli ya tatu, akaipima kwa pampu ya mkono. Ilidondosha matone. Akachagua iliyo nzima zaidi kati ya zile kuukuu, akaisafisha, akaifunga badala yake. Mama Noela akasikiliza tena, akatikisa kichwa kukubali. Betrami akaondoka.

Alirudi siku ya pili na habari kwamba mama na watoto wake wote wawili wako salama. Alikuwa ameambiwa kwamba fundi hasikii, na jambo hilo lilimshangaza. Akasimama mbele yake, akamuuliza fundi asiyesikia ataujuaje basi ugonjwa wa gari.

"Hata sikio huazimwa," Osmundi akamjibu.

Betrami akalibeba neno hilo, na barabara ikalieneza. Watu wakajifunza kumzungukia Osmundi mbele wanapomsalimia. Lakini masikio hayakurudi, wala kwayani hakurudi, na jioni nyingi alikula peke yake kama zamani. Mara moja tu alimwambia Mama Noela kwamba ile miaka minne inamuuma kuliko uziwi wenyewe, kwa kuwa kutoka karakana hadi mashineni ni hatua ishirini, na alikuwa amezihesabu.

Ndiyo maana wazee wetu, wakimwona mtu anazama na shida yake huku majirani wapo, humwambia: hata sikio huazimwa.