Kasoro ya Tatu ya Nyumba ya Naufal

Imepokewa katika masimulizi ya waliotutangulia, na Allah ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika mji wa Wasit, ulio kati ya Basra na Kufa, aliishi mchonga vitana aitwaye Naufal bin Wadhah. Alikuwa mcha Mungu wa kutajwa na mkweli wa kuchosha. Mtu akija kununua kitana, Naufal alianza kwa kumwonyesha jino lililopinda, hata kama aliyeliona ni yeye peke yake. Majirani walikuwa wakisema kwamba Naufal angeuza asali, angeanza kwa kuwaomba nyuki radhi.

Mkewe, Bi Rabab, alifariki katika chumba cha kusini cha nyumba yao, baada ya miaka thelathini na moja ya kuishi pamoja bila kujaliwa mtoto. Naufal alikuwa amekwisha kuhiji ujanani, kabla ya kumwoa. Rabab hakuwahi. Kila mwaka walijiandaa, na kila mwaka likazuka jambo, mara homa, mara mto umefurika, mara njia haina amani. Siku yake ya mwisho alimshika mumewe mkono akamwambia, "Mwana wa Wadhah, iuze nyumba hii ukanihijie. Mimi Makka nimeielekea kwa uso tu." Naufal akaahidi.

Misafara miwili ya Makka ilikwisha kuondoka tangu ahadi ile, na wa tatu ulikuwa uondoke Jumatatu. Nyumba ilikuwa bado haijauzika. Naufal naye magoti yalikuwa yamekwisha kulegea na macho yalikuwa yakififia, naye alijua kwamba mwili wake haungesubiri msafara wa nne.

Sasa, ilikuwa ada ya Wasit kwamba mwenye kuuza nyumba husimama kizingitini, mbele ya dalali na mnunuzi, akazitaja kasoro zake kwa sauti mara tatu. Asipofanya hivyo, mnunuzi ana haki ya kuirudisha nyumba. Basi kila mnunuzi alipokuja, Naufal alisimama akasema, "Paa la mashariki linavuja. Kisima huingia chumvi wakati wa kiangazi. Na katika chumba cha kusini amefia mke wangu." Akarudia tena, na tena.

Wanunuzi sita walikuja, na sita wakatoweka. Wa kwanza alikumbuka ghafla kwamba ameacha uji jikoni. Wa pili aliuliza ni sehemu gani hasa ya chumba, akatoka akitembea ameupa ukuta mgongo. Wa tatu alisema yeye binafsi hana neno, ila mama mkwe wake hatakubali, na mama mkwe huyo alikuwa akiishi mwendo wa siku nne kutoka Wasit. Waliobaki hawakusumbuka hata kutunga udhuru.

Dalali, Jundub, mtu mnene mwenye utani, alikuwa karibu kulia. Alimkumbusha Naufal kwamba Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametukataza kuamini mikosi. Akamwambia, "Sheikh wangu, paa ni kasoro. Kisima ni kasoro. Lakini mauti hayaachi ufa ukutani."

Naufal akajibu kwamba hawezi kumficha mtu jambo ambalo akilijua atakimbia.

"Basi wape na habari za mimi ninavyokoroma," akasema Jundub, "maana nyumba yangu ni ya pili kutoka hapa."

Naufal alitabasamu, akaingia ndani. Kila mnunuzi alipokimbia alifanya vilevile: aliingia chumba cha kusini, akakaa juu ya mkeka mkabala na shubaka la ukutani. Humo mlikuwa na kitana cha Rabab, cha mti wa msonobari, kilichovunjika jino moja. Miaka tisa alimwahidi kumchongea kingine, na katika miaka hiyo tisa alichonga vitana vya vichwa vya mji mzima. Alikaa pale akisikiliza, kama atasikia bangili zikigonga ndoo, kama atasikia akiitwa kula. Hakusikia kitu. Hata hivyo ukimya wa chumba kile haukufanana na ukimya wa mahali pengine popote duniani, na alitoka humo moyo umetulia.

Alhamisi, baada ya sala ya alasiri, Jundub alimleta mjane aitwaye Bi Ghufaira, mtu mzima mwenye mikono mipana, pamoja na binti zake wawili. Naufal akasimama kizingitini akazitaja kasoro zake tatu mara tatu. Bi Ghufaira hakukimbia. Aliketi kwenye ngazi, akajifunika shela yake vizuri.

"Nami nina kasoro yangu," akasema, "na ni haki uisikie. Mimi ndiye ninayewaosha maiti wanawake wa mtaa huu. Wenye nyumba wawili walivunja mapatano walipojua mikono hii imeshika nini."

Naufal akasema hilo si kasoro, ni ibada.

"Ahsante, baba. Basi niambie. Kasoro mbili za kwanza umezisema ukitazama chini, kama mwuzaji. Ya tatu umeisema umeinua uso, kama mtu anayesifia. Dalali amenisimulia habari za wale sita. Walipoondoka, ulisikitika?"

Naufal alitaka kujibu kwamba alisikitika, na jibu hilo lingepita kwa kila mtu mjini. Akavua kofia yake, akaigeuzageuza mkononi.

"Nilifurahi," akasema. "Kila aliyekimbia aliniachia siku zaidi pamoja naye. Nami nikijiita mkweli."

Bi Ghufaira akainuka ngazini. Kisha akaomba kukiona chumba. Wote wakaingia. Akatazama kuta, akatazama dari, akafika kwenye shubaka, akasimama.

"Kitana hiki nakijua," akasema. "Katika kazi yetu, baya tunaloliona tunalizika na mwenyewe, na jema tuna ruhusa kulisema. Mbona hukuja kumwuliza aliyemwosha?"

"Niliogopa," akasema Naufal.

"Kilikuwa nyweleni mwake. Nilizichana kwa hichohicho, nikazisuka misuko mitatu kama ilivyo sunna. Baba, nimechana nywele za wengi, na nyingine hukataa. Zake zilifuata mkono, kama za mtu aliyeambiwa msafara uko mlangoni."

Naufal akageukia ukuta, mabega yakamtikisika. Jundub akatoka nje kwenda kukagua paa ambalo alikuwa amekwisha kulikagua mara saba.

Walipotulia, Naufal aliomba ada ifanywe upya, maana ile ya kwanza aliifanya kwa moyo uliopinda. Akarudi kizingitini. "Paa la mashariki linavuja. Kisima huingia chumvi wakati wa kiangazi." Jundub akangoja ya tatu, kwa mazoea.

"Hakuna nyingine," akasema Naufal. Akazirudia hizo mbili mpaka zikatimia mara tatu. Kisha akamgeukia Bi Ghufaira, akamwambia kwa sauti ya chini, nje ya biashara, "Na humu aliishi Rabab."

"Tutaishi naye vizuri," akasema yule mama.

Jumatatu Naufal aliondoka na msafara, kitana chenye pengo kikiwa kifuani mwake. Wanasimulia waliosafiri naye kwamba alipofika mahali pa kuvalia ihramu, mahujaji walipoanza kuitikia, yeye alishindwa mara mbili. Mara ya tatu sauti ilitoka: "Labbaika Allahumma, kwa niaba ya Rabab." Naye alikuwa ameuinua uso.

Ndugu zangu, nami niandikaye haya niliwahi, katika mji wa ugenini, kulala siku tatu kwenye baraza la msikiti na mbu wake, kwa kuogopa chumba kizuri alimofia bibi kizee nisiyemjua hata jina. Huenda angenipokea vizuri kuliko wale mbu. Ukienda kununua nyumba, uliza paa, uliza kisima, uliza jirani anakoroma namna gani. Ukiambiwa kuna aliyefia humo, mwombee rehema, kisha uliza alikuwa nani. Na wewe unayeuza, jiulize kama unasema kweli ili mtu aingie, au unaisema ili asiingie. Allah atujaalie tutakapoondoka majumbani mwetu, tuwe na wa kuitikia kwa niaba yetu. Amin.