Redio Iliyofungwa Pingu

Sogeeni karibu, na mwenye jibu alimeze kwanza, maana mkianza kunikatiza nitaacha. Kisa hiki hunikera kila ninapokisimulia. Nimewahi kukisimulia msibani, nimekisimulia harusini, na kote watu waliondoka wamenuniana.

Muheza palikuwa na mzee aliyeitwa Mhina, dereva wa malori tangu ujana mpaka macho yalipokataa barabara. Alikuwa na watoto watatu, wote watu wazima. Mkubwa, Mwajabu, alikuwa mshonaji, na kipaji chake kilikuwa subira ya vidole. Angeweza kufumua gauni zima na kitambaa kisionekane kama kiliwahi kushonwa. Wa kati, Hoza, alifunga spika kwenye harusi za watu, na kipaji chake kilikuwa nyaya. Wa mwisho, Semeni, kipaji chake kilikuwa ubishi. Ukimwambia jambo limeshindikana, atakuuliza limeshindikana wapi, na hatakuacha uende kulala mpaka umwonyeshe.

Mzee Mhina alibaki na gari dogo la zamani, la milango minne, lililoegeshwa uani. Siku hizo simu za mkononi zilikuwa hazijafika kwetu. Kila asubuhi mzee aliingia garini, akafungua redio, akasikiliza taarifa za vifo. Ndivyo alivyojua nani wa kuzikwa, lini na wapi. Hoza alimletea redio ya mezani, akairudisha. Alisema inakoroma.

Basi siku moja redio ya gari ikanyamaza kimya. Mzee akaigonga, akaipuliza, akaitukana. Haikujibu. Na katika siku zile zile za ukimya akafariki Singano wa Korogwe, aliyeendesha naye lori moja miaka mingi, wakilala chini ya turubai moja na kula sufuria moja. Tangazo likasomwa, watu wakaenda kuzika. Mzee Mhina akapata habari kwa muuza machungwa, matanga yameshaanuliwa.

Hakulia mbele ya watu. Aliwaita wanawe akawaambia, "Nimekosa kumzika Singano. Sikosi mwingine. Atakayelifanya gari hili liongee, funguo ni zake. Aliendeshe atakavyo, ila asubuhi aniachie nisikilize. Na dashibodi yangu isichubuke."

Kila mmoja alilitaka lile gari, na kila mmoja alikuwa na sababu ya maana. Sababu zao sizitaji, maana nikizitaja mtaanza kuoneana huruma badala ya kufikiri.

Aliyetangulia alikuwa Mwajabu. Alikubaliana na Hoza kwamba redio imekufa, itolewe iwekwe nyingine. Akachomoa kidude cha majivu ya sigara, akakuta skrubu mbili zilizojificha nyuma yake, akazifungua. Akabandua kava la plastiki kwa mwiko uliofungwa kitambaa. Redio ikabaki pale pale. Akavuta, haikuja.

"Baba, kuna nini huku nyuma?"

Mzee akakuna kichwa. "Aa. Unakumbuka wezi wa redio? Nilimwambia fundi aifunge. Akaipiga mabati kwa ribiti, ile misumari ya chuma ya kugongewa, kutoka ndani. Tena hata namba ya gari tuliichora juu yake."

"Inafunguliwaje?"

"Haifunguliwi, mwanangu. Ndiyo maana haikuibiwa."

Hebu fikiri! Mtu amejilinda na mwizi mpaka amejifungia nje mwenyewe. Mwajabu akatoa droo ya dashibodi, akapenyeza mkono kwa nyuma, mahali asipopaona, akaanza kukata vichwa vya ribiti kwa tupa ndogo. Siku nzima tupa inakwaruza, kesho yake inakwaruza tena. Ngozi ya vidole ikamtoka, cherehani ikalala, wateja wakaja kudai nguo zao za sikukuu. Mzee alisimama mlangoni akisema, "Taratibu, utachubua." Mwishowe redio ikatoka, na dashibodi haikuwa na hata mkwaruzo mmoja.

Akaingia Hoza na redio aliyopewa na rafiki yake, ambaye gari lake lilipinduka. Akafungua waya wa betri kwanza ili asiunguze kitu, kisha akatazama nyuma ya dashibodi, akaketi chini. Nyaya zote zilikuwa nyeusi. Yule fundi wa pingu alitumia rola moja tu ya waya kwa kila kitu. Na soketi ya redio mpya haikufanana na ile ya zamani hata kidogo.

"Mtu huyu alisomea wapi?" Hoza alifoka.

"Alikuwa hodari sana," mzee akasema.

Hoza akakata soketi, akaanza kuzijaribu nyaya moja moja kwa betri ya tochi. Waya uliofanya spika ikwaruze, aliufunga uzi wa kijani kutoka kwenye kikapu cha dada yake. Ule ulioshikana na bodi, yaani chuma cha gari, uzi mweupe. Ule uliobaki ukawa ndio wa kuleta moto, yaani umeme wa betri, akaufunga uzi mwekundu. Alilala chali kwenye sakafu ya gari mpaka shingo ikakataa kugeuka. Akaunganisha, akazungushia tepu, akarudisha betri. Mzee akazungusha ufunguo.

Kimya.

Hoza akapima waya wa uzi mwekundu. Hauna moto. Akabadilisha fyuzi, akapima tena. Hauna moto. Akarusha koleo uani, kuku wakatawanyika. "Gari limeoza ndani! Mimi basi."

"Limeoza wapi?" akauliza Semeni.

"Semeni, niache."

Semeni hakuuacha ubishi, ila aliuhamishia kwenye gari. Akaushika ule waya wa uzi mwekundu akaufuata kwa kidole, chini ya dashibodi, nyuma ya pedali, mpaka ukaingia chini ya kapeti. Akafunua kapeti. Vumbi, ganda la karanga, na swichi ndogo kama kifungo cha koti.

"Baba, hii nini?"

Mzee akainama, akaipangusa vumbi. "Lahaula. Hiyo ni ya wezi. Niliweka ili mwizi akiwasha redio adhani ni mbovu. Nimeisahau kabisa."

Labda kiatu chake ndicho kilichoizima, labda fagio. Nani ajuaye? Semeni akaibonyeza, redio ikapiga kelele hadi majirani wakachungulia. Mzee akashika kifua, akacheka. Kisha kicheko kikamkauka, akasema polepole, "Hebu jaribuni ile ya zamani."

Hoza akazisokota nyaya kwenye ile redio ya zamani iliyolala kitini. Ikaongea, tena kwa sauti nzuri kuliko ile mpya. Haikuwa mbovu tangu mwanzo.

Hapo ndipo nyumba ilipowaka.

Semeni akasema, "Funguo zangu. Nyie mlimpasua mgonjwa asiyeumwa. Mimi nilitafuta ugonjwa."

Hoza akasema, "Uliufuata waya gani? Zote nyeusi! Bila uzi wangu mwekundu ungekuwa bado unapapasa."

Mwajabu akanyoosha vidole vyake vilivyochunika. "Na huo waya mliuona wapi? Ulikuwa nyuma ya redio, na redio ilikuwa kwenye pingu. Ningeacha, mngefika wapi nyie wawili?"

"Dada, kazi yako ilikuwa ya bure!" Semeni akamkatiza.

"Ya bure? Sema tena!"

"Wote mngeniuliza mapema," mzee akaanza.

"Baba, wewe ulisahau!" wakajibu watatu kwa pamoja, na hilo ndilo jambo pekee walilokubaliana.

Wakabishana kwa sauti zilizofika barabarani. Redio nayo iliendelea kitini, na hakuna aliyeisikiliza mpaka mzee alipoinua mkono.

"Nyamazeni!"

Wakanyamaza. Redio ikasema, "...wa Pongwe. Maziko ni leo saa kumi alasiri. Habari ziwafikie ndugu na jamaa popote walipo." Kisha ikapiga muziki.

"Nani?" mzee akauliza. "Nani wa Pongwe?"

Hakuna aliyesikia jina. Na Pongwe mzee alikuwa na watu wake wengi, wengine wa damu.

Akauweka ufunguo juu ya paa la gari, akaenda ndani kuvaa kanzu, awahi kumzika mtu asiyemjua ni nani. Na gari lilihitaji dereva.

Haya, nimemaliza, sasa midomo ifunguliwe. Watatu wamesimama, ufunguo uko juu ya paa, na baba yao anatoka mlangoni. Aliyeitoa redio kwenye pingu, aliyezitambua nyaya, au aliyeibonyeza swichi: wewe ungemwambia nani auchukue?