Kulungu wa Jiwe Lenye Ufa

Hapo zamani, na si zamani ya mababu, maana kamera zilikuwa zimekwisha kufika milima ya Upare, palikuwa na mwanamke akiitwa Nakiete. Kazi yake ilikuwa kulinda msitu wa kijiji. Ndani ya msitu ule mlikuwa na chemchemi, na hapo alikuja kunywa kulungu dume, wa mwisho kuonekana upande ule wa mlima.

Miaka mitatu Nakiete alikwenda chemchemini kila alfajiri. Akakaa, asisogee. Mwaka wa kwanza kulungu alimwona akakimbia. Mwaka wa pili alimwona akasimama. Mwaka wa tatu alimwona akainama, akanywa.

Ndipo wakaja wapimaji, wanataka msitu ukatwe ipandwe miti ya mbao. Wakasema, "Humu hamna mnyama wa kulindwa." Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Mbonea, akamwita mpiga picha, jina lake Senzota. Nakiete akamwapisha mambo mawili: asiwashe taa ya kamera, na asimwambie mtu mahali penyewe.

Senzota akalala kifudifudi kwenye tope asubuhi tisa. Mara ukungu haukuondoka, mara kulungu hakuja. Asubuhi ya tisa jua likapenya kati ya miti, likaangukia jiwe kubwa lenye ufa, na kulungu akasimama mbele yake, manyoya yanawaka kama shaba, maji yanamdondoka kidevuni. Senzota akapiga mara moja tu. Nakiete alipoonyeshwa ile picha, machozi yalimtoka.

Mzee Mbonea akaitundika ukutani mwa ofisi ya kijiji. Wapimaji wakaiona, wakafunga vifaa vyao, wakaondoka. Msitu ukapona. Watu wakapiga vigelegele.

Mwezi haukuisha. Mwindaji mmoja wa bondeni alipita ofisini kugongewa muhuri barua yake, akaiona picha, akalitambua jiwe. Siku ya pili Nakiete akakuta chemchemini damu, utumbo na nzi. Mwindaji alikuwa ametoweka, hakuonekana tena.

Nakiete hakulia. Alishuka mlima na kwato moja mkononi, akaingia kwenye baraza la kijiji, Senzota na mwenyekiti wamo, akaitupa mezani.

"Semeni! Nani kamuua?"

Mila ya pale watu wote waliijua: aliyesababisha mnyama wa chemchemi kufa haukanyagi msitu tena mpaka siku anazikwa.

"Wewe Senzota, uliapa!"

"Niliapa nisiseme, dada, na sikusema."

"Jiwe limekusemea! Hukuliona?"

"Nililiona. Bila jiwe, mwanga ule ungeangukia wapi? Nawe uliiona picha kabla sijaitoa msituni. Mbona hukuniambia nilikate jiwe pichani?"

Kweli Nakiete aliliona. Alinyamaza kwa kuwa picha ilikuwa nzuri, na uzuri ule aliuona ni jasho lake. Hasira ikamrukia mwenyekiti.

"Na wewe, mzee! Tulikubaliana uwaonyeshe wapimaji, basi. Nani alikutuma uitundike kama kalenda?"

Mzee Mbonea akainuka. "Ningeificha, wangerudi na misumeno. Msitu umesimama kwa sababu ya ukuta ule! Usinikaripie, binti yangu. Picha ilionyesha mahali tu. Kulungu mwenye hofu angesikia nyayo akakimbia. Nani alimfundisha kusimama mtu akimkaribia?"

Nakiete akaipiga meza kwa kiganja.

"Kama ni mimi, nifungieni msitu leo hii! Lakini hawa wawili wasinawe mikono juu ya mgongo wangu!"

Hapo baraza likachafuka. Huyu anamtetea Nakiete, yule anamlaani. Huyu anamvuta Senzota shati, yule anamzomea mwenyekiti wake mwenyewe. Wakalumbana mpaka sauti zikawakauka, wakatawanyika bila hukumu, kila mtu na ghadhabu yake.

Haya, nyinyi mliokaa hapa mkanisikiliza, kateni shauri lililowashinda wao. Yuko aliyemzoesha, yuko aliyempiga picha, yuko aliyeitundika. Je, nani asiukanyage tena msitu ule?